Kishikwambi hakina ukurasa

Daftari la hitilafu la ile Cessna 206 lilikuwa na mistari miwili mipya. Wa kwanza: "Redio ina kelele, mnara hausikiki vizuri." Wa pili: "GPS imezeeka, ibadilishwe." Chini yake sahihi ya rubani. Kwa sababu ya mistari hiyo nilitolewa Nairobi usiku, nikaingia Kisumu alfajiri na begi la vifaa mapajani, na nilipoisoma nikiwa nimesimama chini ya bawa nikajiambia kazi hii ni ya asubuhi moja, saa saba nitakuwa Dunga nakula samaki. Siku ya pili jioni nilikuwa bado pale pale uwanjani, na kifaa nilichokuwa nimekichunguza kuliko vyote hakikutajwa hata kwa herufi moja kwenye daftari.

Rubani alikuja saa mbili na nusu. Kijana mpole, ameruka vya kutosha hata haoni haja ya kujisifu.

"Habari ya safari, Injinia?"

"Salama, Kapteni. Hebu niambie kilichotokea. Ulichoandika nimeshakisoma."

Akacheka kidogo, akavuta kreti ya soda akaikalia, akaanza.

Ndege ilikuwa imeegeshwa Kisumu tangu saa mbili asubuhi, pua imeelekea mashariki, ikisubiri abiria watatu walioahidi kufika saa tatu. Walifika saa tano. Muda wote huo kishikwambi chake, iPad, kilikuwa kimening'inia mbele ya kiti cha rubani, kimeshikwa na kikombe cha mpira kinachonyonya kioo, ndani ya kava nene jeusi, mgongo wake umetazama jua. Wakapanda, akawasha injini, akachomeka chaja kwenye tundu la kuwashia sigara, wakaondoka saa tano na nusu kuelekea uwanja wa Wilson, Nairobi.

Anayeijua njia hiyo anajua inavyokuwa kuanzia mchana. Unaliacha ziwa likiwa kwenye futi 3,700 na ushee, unapita juu ya mashamba ya miwa ya Muhoroni na Koru, kushoto ukuta wa Nandi, kulia vilima vya Kericho, na mbele yako Mau inapanda hadi karibu mita 3,000. Asubuhi ni njia ya raha. Kufikia saa sita mawingu yameshaanza kuvimba juu ya chai, na alasiri ni mvua ya mawe. Mpango wake ulikuwa kupanda hadi futi 11,500 na kupita Londiani kabla pengo la mawingu halijaziba, kisha Nakuru iko chini yako na Bonde la Ufa limefunguka.

Alipofika futi 9,000 hivi, skrini ikafifia. Akadhani ni miwani yake ya jua. Akaivua. Skrini ikabaki vile vile. Akapandisha mwangaza, ukakataa kupanda. Mbele yake wingu lilikuwa limeanza kuficha mgongo wa kilima, naye alikuwa akitegemea rangi za ramani ya iPad kujua ardhi iko juu kiasi gani: ya manjano ina maana angalia, nyekundu ina maana usiende. Akaona nyekundu iko mbali kidogo na kale kandege ka kwenye ramani. Akaendelea. Baada ya muda akaona nyekundu bado iko mbali vile vile. Halafu ndipo akagundua.

"Kandege kalikuwa kamesimama, Injinia. Mimi naenda, kenyewe kamesimama."

Sekunde chache baadaye ramani ikatoweka kabisa, ukaja ule ujumbe wa kusema kifaa kipoe kwanza ndipo kitumike.

Alichofanya kinastahili sifa, na nilimwambia hivyo. Hakubishana na wingu. Aligeuza ndege akarudi alikotoka, kwa sababu ziwa halipotei na liko chini kuliko kila kitu upande ule. Akaita mnara wa Kisumu, jibu likaja limechanikachanika ndani ya mvumo kama wa mafuta yanayokaanga. Aliomba lirudiwe mara tatu. Akatua salama. Abiria mmoja, aliyekuwa amelala, aliuliza kama wamefika Nairobi.

Nikamuuliza ile GPS ya kwenye dashibodi ilikuwa inafanya nini muda wote huo.

"Ilikuwa kwenye ukurasa wa redio."

Hapo kalamu nikaiweka chini. Kifaa chenyewe ni Garmin GNS 430, mtambo uliotoka mwaka 1998, skrini yake ndogo kuliko kiganja, una redio na GPS ndani ya sanduku moja. Kilikuwa kimewaka tangu Kisumu. Kilijua kilipo. Kama angebonyeza kitufe chenye herufi D iliyochomwa mshale, akazungusha kile cha kulia kidogo hadi H, kile kikubwa nafasi moja, K, nafasi moja, K, nafasi moja, I, ambazo ni herufi za uwanja wa Kisumu, kingempa mwelekeo na umbali wa kurudi Kisumu kabla hajamaliza kugeuka. Nilimwomba anifanyie hivyo tukiwa chini. Alihitaji karibu dakika nzima, akavuka herufi akarudi nyuma mara mbili. Sikumcheka. Hakuwa ameigusa sehemu hiyo kwa miezi.

Sababu yake inaeleweka. Kila GNS 430 inapowashwa inaonyesha tarehe ya data yake, na data ikiwa imepitwa na wakati inakwambia hivyo na kusubiri ubonyeze kukubali. Data ya usafiri wa anga hubadilishwa duniani kote kwa mzunguko wa siku 28. Kadi ya ndege hii ilikuwa na zaidi ya mwaka haijaguswa, kwa sababu mwenye ndege anaona malipo ya data ya mtambo huo ni wizi. Programu ya kwenye iPad ndiyo aliyokubali kulipia, inajisasisha yenyewe usiku kwa Wi-Fi ya hoteli. Kwa hiyo kila asubuhi rubani alikuwa na kifaa kimoja kinachokiri kwamba data yake ni ya zamani, na kingine chenye ramani ya jana, rangi nzuri, na kidole kimoja tu cha kukuza na kupunguza. Nani asingechagua hicho cha pili? Mtambo wa zamani ulidharauliwa kwa sababu ulisema ukweli kuhusu kadi yake. Lakini ile kadi haihusiani na setilaiti. Mtambo wenye kadi ya mwaka juzi unajua ulipo sawasawa na wenye kadi ya leo, na uwanja wa Kisumu haujahama.

Nilianza na redio, kwa kuwa ndiyo iliyonileta. Nikapima nguvu ya kutuma, sawa. Usikivu, sawa. Nikafuata kebo ya antena hadi juu ya paa, nikafungua viungo, vikavu na safi. Mchana ulipita hivyo, nikiitafuta hitilafu kwenye kifaa kisicho na hitilafu. Ni rubani aliyenikumbusha, bila kujua, alipoingia ndani kuchukua chaja yake aende nayo hotelini. Alipoichomoa nikamwambia, "Hebu irudishe." Nikavaa hedifoni, nikafungua kizuia kelele cha redio ili nisikie hewa tupu, nikamwomba achomeke iPad kwenye chaja. Ule mvumo wa mafuta ya kukaanga ukajaa masikioni. Achomoe. Kimya. Achomeke. Mafuta. Tulifanya hivyo mara sita kama watoto wanaochezea swichi ya taa.

Chaja ilikuwa ya shilingi 300, ya duka la simu mjini. Kazi yake ni kushusha volti 28 za ndege hadi 5, na inafanya hivyo kwa kukatakata umeme mara laki kadhaa kwa sekunde. Kukatakata huko kunatoa mawimbi yanayopanda hadi kwenye masafa ya redio za ndege, kati ya megahezi 118 na 137, na waya wa kuchajia unakuwa antena ya kuyatangaza. Gari halijali, kwa kuwa redio ya FM husikiliza kwa namna nyingine. Redio ya ndege bado inatumia AM, ile ile inayokwaruza radi ikipiga, kwa hiyo inasikia kila uchafu. Chaja iliyopimwa kwa ajili ya ndege ingekuwa imepitia sura nzima ya majaribio ya kuhakikisha haitoi mawimbi hayo. Ndiyo maana bei yake inawafanya watu watukane.

Basi mstari wa kwanza wa daftari ukawa umejibiwa: redio nzima, mgonjwa ni chaja. Na chaja ilikuwa pale kwa ajili ya kishikwambi.

Siku ya pili nilirudia hali ile ile. Saa tatu asubuhi tuligeuza pua mashariki, tukakiweka kishikwambi mahali pake, kava lake, mwangaza juu kabisa, kimechomekwa, programu ya ramani imefunguliwa. GNS 430 nayo tukaiwasha kwa betri ya nje. Nikakaa na kipimajoto cha mkono. Plastiki nyeusi ya juu ya dashibodi ilifika nyuzi 61. Mgongo wa kava ulikuwa unachoma kidole. Skrini ilififia dakika ya 26, na dakika ya 33 kikajifunga. Nilivutiwa zaidi na kilichotokea katikati, kwa sababu katika dakika hizo saba kilionekana kizima. Kilikuwa cheusi kidogo, kizito kidogo kuitika kidole, chaji haipandi. Hakuna king'ora, wala chochote cha kumwambia mtu mwenye wingu mbele yake kwamba kifaa kimeanza kufa.

Kampuni ya Apple haikumficha mtu. Inaandika wazi kwamba iPad imetengenezwa kutumika kwenye joto la nyuzi 0 hadi 35. Kisumu mchana kivulini ni nyuzi 29 au 30, kwa hiyo umebakiwa na nafasi ndogo hata kabla jua halijaingia kwenye hesabu. Angani baridi ilikuwa nyingi, nyuzi kumi na kitu kwa nje, lakini jua linalopiga mgongo mweusi nyuma ya kioo halihesabu hewa ya nje.

Vifaa vya ndege hupimwa kwa hati iitwayo DO-160, ya shirika la RTCA la Marekani. Kundi la kawaida la vifaa vya kwenye dashibodi, liitwalo A1, linataka kifaa kifanye kazi kutoka nyuzi 15 chini ya sifuri hadi 55, kivumilie 70 kwa muda mfupi kikiwa kimewaka, na kilale kwenye 85 kikiwa kimezimwa kisha kiamke kizima. Baada ya hapo kinatikiswa, kinapewa unyevu, kinapigwa mawimbi ya redio na umeme wa kuiga radi. Programu yake hupimwa kwa hati nyingine, DO-178, ambayo toleo lake la C ni la mwaka 2011, yenye ngazi kuanzia A hadi E kulingana na madhara ya kosa: ngazi A ni ya programu ambazo zikikosea ndege inaweza kuanguka na watu wengi wakafa, E ni ya zile zisizo na madhara kwa usalama. Kwenye ngazi A hadi C, kila mstari wa programu unatakiwa uonyeshe ulitokana na hitaji gani.

Sisemi haya kwa sababu naabudu mihuri. Nimefungua vifaa vingi vyenye muhuri nikakuta kutu, viungo vilivyolegea, na mara moja kiota cha nyigu. Vifaa hivi huharibika. Tofauti iko kwenye namna vinavyoharibika. GPS iliyoidhinishwa kuongoza ndege inalazimika kujikagua: ikiona setilaiti tano inaweza kutambua kwamba moja inadanganya, ikiona sita inaweza kuitoa hiyo inayodanganya, na isipoweza kujihakiki inaandika onyo mbele ya macho yako. Dira ya umeme ikipoteza nguvu inatoa kibendera chekundu. Mtu aliketi miaka mingi iliyopita akauliza, "Hiki kikifa, rubani atajuaje?" na jibu likawa sehemu ya kifaa. Kwenye kishikwambi swali hilo halikuulizwa kwa ajili ya rubani. Liliulizwa kwa ajili ya mtu anayetazama video kitandani, na kwa huyo jibu ni sahihi kabisa: kikipata moto kijifunge, betri isiwake.

Jioni mwenye ndege alipiga simu. Nilimweleza. Akanyamaza, kisha akasema, "Sawa Injinia, suluhisho ni rahisi. Anunue tableti ya pili."

Ni wazo la kila mtu, na si la kijinga. Swali ni ya pili itakaa wapi. Ukiibandika kando ya ya kwanza, jua lile lile litazifunga zote mbili katika dakika zile zile. Mashirika makubwa yalilijua hili kwa njia ngumu zaidi. American Airlines iliruhusiwa mwaka 2011 kutumia iPad katika hatua zote za safari, ikaachana na begi la ramani za karatasi la ratili 35, yaani karibu kilo 16 kwa kila rubani. Tarehe 28 Aprili 2015 safari zake kadhaa zikakwama ardhini, kwa sababu programu ya ramani ilikuta ramani moja ya uwanja wa Washington Reagan imeingia mara mbili ikashindwa kufunguka. Rubani na msaidizi wake kila mmoja alikuwa na kifaa chake, na vyote viwili vikaanguka pamoja, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na kosa moja. Bahati yao ni kwamba walikuwa bado chini.

Nikamwambia mzee: ya pili iwepo, lakini ikae ndani ya begi, kivulini, imezimwa, imejaa chaji. Na kadi ya GPS ilipiwe.

"Kadi tena!"

Kuhusu kadi tulizungumza kwa muda mrefu kuliko inavyostahili kuandikwa.

Asije mtu akasema nachukia vishikwambi. Cha kwangu kina michoro ya umeme ya ndege kumi na moja, na kabla yake nilikuwa nabeba mafaili kwa mgongo. Na kuna hitilafu moja ambayo kishikwambi kinakishinda kifaa cha dashibodi: oltaneta ikifa na betri ya ndege ikaisha, dashibodi yote inazima pamoja na mihuri yake, na kishikwambi kinabaki na betri yake na GPS yake, almradi ni cha aina ya laini ya simu. (Vile vya Wi-Fi pekee havina GPS ndani. Nimeshaulizwa na marubani wawili kwa nini vyao "havishiki setilaiti.") Kama akiba, sijaona kitu kizuri zaidi kwa bei hiyo. Kosa la Kapteni wangu ni kwamba akiba ndiyo ilikuwa inaendesha safari, na chombo chenyewe kimefanywa akiba bila kuwekewa hata njia ya kwenda.

Kabla sijafunga kazi nilifanya kitu ambacho hakikuwa kwenye maagizo. Nilirudisha nyuma kurasa za daftari mwaka mzima. GNS 430 ilikuwa imeandikwa mara nne. Mara tatu ni kadi. Mara moja ni taa ya kitufe kimoja. Kishikwambi, sifuri. Mtu akikaa ofisini akalinganisha kwa daftari hilo, atasema kifaa cha 1998 kinasumbua na kishikwambi hakijawahi kukosea.

"Kapteni," nikamuuliza, "hii tableti imekuzimikia mara ngapi mwaka huu?"

Akafikiri. "Angani? Mara tatu, nne hivi. Na mara moja iliniomba nywila nikiwa nakaribia Kisumu."

"Mbona hujawahi kuandika?"

"Niandike wapi, Injinia? Hiyo si ya ndege. Ni tableti tu."

Ni kweli. Daftari la hitilafu ni la vitu vilivyomo kwenye ndege kwa mujibu wa makaratasi yake. Kishikwambi kilichobandikwa kwa kikombe cha mpira ni mali ya abiria, kama mwavuli. Kikifa, hakuna ukurasa. Chaja yake ikiharibu redio, anayeandikwa ni redio. Rubani akipotelewa na ramani, anayeshtakiwa ni GPS iliyokaa kimya kwenye kona yake ikijua kila kitu. Hakuna aliyedanganya popote kwenye lile daftari, na bado lilikuwa linasema uongo kuanzia mstari wa kwanza. Kwa nafasi ya majibu niliandika hivi: "Redio na GPS zimepimwa, nzima. Kelele imetokana na chaja isiyo ya ndege. Chaja imetolewa." Halafu, kwa kuwa nafasi ilibaki, nikaongeza jambo la kishikwambi, dakika zake na nyuzi zake, ingawa najua mkaguzi mmoja siku moja ataniuliza limefuata nini pale.

Kapteni aliondoka kesho yake saa moja asubuhi, kabla ya mawingu. iPad ilikuwa gotini, bila kava, bila waya. Kabla hajawasha injini nilimwona kupitia kioo ameinama, anazungusha kitufe kidogo, kisha kikubwa, midomo inatembea kwa herufi za Wilson: H, K, N, W.

Bili yangu ilikaa kwa mwenye ndege wiki tatu. Alilipa nauli, alilipa kadi huku analalamika, alilipa hata zile siku mbili. Mstari mmoja alikataa katakata, ule wa kupima redio na GPS, matokeo: hakuna hitilafu.

"Injinia," alisema kwenye simu, "yaani nikulipe kwa kuniambia havina shida?"